Mkono wa tela ulikuwa unakatika palepale

Baba aliagiza tela hili mwaka 1991 kwenye karakana moja Dodoma mjini. Magurudumu mawili, fremu ya chaneli, sakafu ya mbao, bodi ya mita 3. Tukiwa wadogo tulipanda juu ya magunia kutoka shambani kwetu huku Kongwa mpaka sokoni Kibaigwa, na sijawahi kupanda gari nililolionea fahari kama lile. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia, "Dada, tuliuze kwa wa vyuma chakavu," nilikataa papo hapo.

Lakini alikuwa na hoja. Mkono wa tela, ule unaoshikana na trekta, ulikuwa umeshakatika mara nne, na kila mara palepale unapoungana na fremu. Kila fundi aliyekuja alichomelea juu ya kutu na rangi, kiraka juu ya kiraka, mpaka pakawa na donge la chuma. Mwaka huu ufa ukatokea pembeni mwa donge.

Safari hii nilimfuata mzee mmoja aliyetengeneza matela tangu ujana wake. "Mbukwenyi," akatusalimu, tukaitikia, kisha akaomba futi. Sio mashine ya kuchomelea, futi! Akapima bodi, akapima ilipo ekseli, ule mhimili wa magurudumu, akarudia tena. "Mwanangu, hii bodi nani aliirefusha?"

Nikakumbuka. Mwaka 2016, baba akiwa ameshafariki, tuliongeza sentimita 80 nyuma ili tubebe magunia mengi zaidi. Ekseli hatukuigusa. Ilibaki mita 1.8 kutoka mbele, wakati bodi imekuwa mita 3.8, yaani katikati yake ni mita 1.9. Ukipakia sawasawa, uzito unaangukia nyuma ya ekseli. Mkono unataka kuinuka, trekta linapungukiwa uzito kwenye magurudumu ya nyuma, na kila shimo la barabarani linaukunja mkono na kuukunjua mpaka chuma kinachoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini trekta letu lilikuwa linateleza kwenye udongo wa mbuga wakati la jirani linapita. Miaka yote hiyo nilimlaumu dereva, na dereva ni mdogo wangu. Nimemwomba radhi.

Wenzangu wenye tela la magurudumu mawili, hapa naomba msome taratibu. Tulisogeza ekseli nyuma sentimita 50, pamoja na springi na vishikio vyake. Kutoka jicho la mkono, lile tundu la pini ya trekta, mpaka mbele ya bodi ni mita 1.5, kwa hiyo kutoka jicho mpaka ekseli sasa ni mita 3.8. Katikati ya mzigo iko sentimita 40 mbele ya ekseli. Ukigawanya, sehemu moja ya kumi ya mzigo, na zaidi kidogo, inakaa kwenye trekta. Kwa magunia 30 ya kilo 100, ni kama kilo 300 zinazokandamiza pini. Nasema ya kilo 100, sio lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kiasi.

Lile donge tulilikata lote. Mzee aliweka chaneli mpya, akasaga kwa grenda mpaka chuma kikang'aa, akachonga mfereji kwenye maungio ili moto ufike ndani. Bamba la kuongezea nguvu alilikata ncha zake kwa mshazari. Alisema ukichomelea mstari ulionyooka kukatiza boriti, umeuchorea ufa njia ya kupita.

Kisha tukafungua habu, vile vitovu vya magurudumu. Ya kulia ilikuwa inachemka kila safari, huwezi kuishika. Kifuniko kilipotoka, grisi ilikuwa imegeuka tope jeusi lenye mchanga, nikiisugua kati ya vidole inakwaruza. Beringi imebadilika rangi kuwa bluu kwa joto, na gololi zake ndefu zina vishimo kama ndui. Oili sili, ule mpira wa kuzuia grisi na vumbi, ilikuwa imechanika mdomo, vumbi linaingia kama nyumbani kwake. Namba ya beringi bado ilisomeka kwenye ukingo, nikaenda nayo mjini nikapata inayofanana. Mzee alinifundisha kuipakia: grisi kwenye kiganja, beringi unaisukuma dhidi yake mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kisha unakaza nati huku gurudumu linazungushwa, unailegeza kidogo, unafunga pini ya kuizuia nati.

Sakafu tumerudishia mbao. Bati linadumu, lakini gunia linateleza juu yake, na ubao ukioza unabadilisha mmoja tu. Nyuma tumeweka taa mbili nyekundu na stika za kuakisi mwanga. Hizo sikubali kuambiwa ni mapambo. Barabara ya Morogoro jioni ina mabasi na malori yanayokwenda kasi, na tela lisilo na taa halionekani mpaka umelifikia. Tumeongeza pia mnyororo, pini ikichomoka tela lisijiendee.

Wiki iliyopita tulipakia magunia 30 ya mahindi. Mdogo wangu aliendesha, mimi nikafuata kwa pikipiki, macho yangu kwenye ule mkono. Kwenye makorongo haukuruka. Tulipofika Kibaigwa, kabla wapakuaji hawajapanda, nilichuchumaa nikaweka kiganja kwenye habu ya kulia. Ilikuwa vuguvugu, nikaacha mkono pale pale mpaka mdogo wangu akaniita.