Iskandaria, kwa Imamu Busiri

Iskandaria, Novemba

Mvua imepiga madirisha usiku kucha, na asubuhi hii bahari imechafuka vibaya. Mawimbi yanaruka ukuta wa Kornishi na kuyamwagikia magari yanayopita. Mzee wa mapokezi hotelini hakushangaa hata kidogo. Akasema hii ni Maknasa, imekuja siku zake. Wavuvi wa hapa wamezipa majina dhoruba zote za majira ya baridi. Maknasa, yaani ufagio, hupiga katikati ya Novemba, Kasim huifuata mwanzoni mwa Desemba, kisha nyingine na nyingine, na kila moja ina tarehe yake. Nikawakumbuka manahodha wa kwetu wanaohesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua, ili wajue kaskazi itashika lini na bahari itafungwa lini. Nilimweleza mzee habari hiyo kwa Kiarabu changu cha chuoni, naye akanijibu kwa Kimisri chake cha haraka. Tuliyoelewana ni nusu tu, lakini chai aliniletea bila kuiomba.

Nilikuja kwa gari moshi kutoka Kairo, katika njia ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1854, reli ya mwanzo Afrika. Mashamba ya delta ni tambarare ya kijani isiyokwisha, yenye mifereji, punda na minara ya njiwa. Wenzangu garini walikuwa na vitabu vya utalii, na vyote vinausimulia mji huu kana kwamba uko msibani: Aleksanda Mkuu aliyeuanzisha mwaka 331 kabla ya Kristo na kaburi lake lisilojulikana lilipo, maktaba kuu iliyopotea, mnara wa taa ulioanguka. Mtu akivifuata vitabu hivyo atazunguka Iskandaria nzima akionyeshwa mahali palipokuwa na kitu.

Mimi nilikuwa na Iskandaria nyingine kifuani. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvuka mpaka wa Kenya, lakini kasida ya Burudai aliijua kwa moyo. Mtu akiugua sana nyumbani, ilisomwa. Tangu utotoni nimesikia *Amin tadhakkuri jiranin bi Dhi Salami* ikianza kwa sauti ya chini, kisha kina mama wote wakiipokea. Aliyeitunga ni Imamu Sharafuddin al-Busiri, mtu wa karne ya 13. Inasimuliwa kwamba alipooza upande mmoja wa mwili, akatunga kasida hii ya kumsifu Mtume, kisha akamwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Huyo Busiri amezikwa hapa Iskandaria, na hiyo ndiyo sababu ya safari yangu. Mengine yote niliyoyaona ni nyongeza.

Lakini Ngome ya Qaitbay nilianza nayo, kwa kuwa iko kwenye ncha ya ghuba na macho hayawezi kuikwepa. Sultani Qaitbay aliijenga kati ya 1477 na 1479 pale pale uliposimama mnara wa taa wa Pharos, na mawe ya mnara yakatumika kwenye kuta zake. Mnara wenyewe ulipita mita 100 kwenda juu na uliwaongoza mabaharia kwa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka matetemeko ya ardhi yakaumaliza. Ibn Battuta aliuona mara mbili. Mwaka 1326, kijana bado, alikuta upande wake mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa gofu kiasi kwamba hata mlangoni hakuweza kufika. Na baina ya ziara hizo mbili, mwaka 1331, ndipo alipolala usiku mmoja Mombasa akielekea Kilwa. Nilisimama ukutani huku upepo ukinivuta kanzu, nikafurahi mno kwamba macho yaliyouona mnara huu ndiyo yaliyouona mji wangu.

Chini ya ngome wamemwaga vitalu vikubwa vya zege kuikinga na mawimbi, na vingine vimepangwa ufuoni kwa masafa marefu. Bahari inapanda na ardhi ya mji inadidimia. Anayetoka kwenye mji wa pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kutoka ngomeni mpaka msikiti wa Abul Abbas al-Mursi, mtaa wa Anfushi, ni mwendo wa miguu. Njiani kuna viunda vya majahazi. Mafundi walikuwa wamekimbilia chini ya turubai kungoja mvua ipungue, na nyuma yao chombo kimoja kimesimama mbavu wazi, bado hakijapigwa mbao zote. Harufu ilikuwa ya utomvu, rangi na mbao mbichi. Ningeweza kushinda hapo. Walinikaribisha kula ini la kukaanga kwa pilipili na vitunguu saumu ndani ya mkate, chakula ambacho watu wa Iskandaria wanajivunia mbele ya Wamisri wengine wote, na kwa maoni yangu wana haki.

Uwanja wa misikiti ni mpana, umezungukwa na nyumba zilizochoka. Al-Mursi alizaliwa Murcia, Andalusia, akawa mrithi wa Sheikh Abul Hasan ash-Shadhili na akafariki hapa mwaka 1287. Tarika ya huyo Shadhili, Shadhiliyya, ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kushika mizizi Ngazija, Unguja na Kilwa. Karibu naye amelala mwanafunzi wake, Yaqut al-Arshi, Mhabeshi, ambaye Ibn Battuta amemtaja miongoni mwa masheikh wakubwa wa mji. Nililitazama jina lake kwa muda. Mtu mweusi kutoka upande wetu wa Afrika, na watu wa Iskandaria wanamwendea kumzuru kama wanavyomwendea yule wa Andalusia.

Ng'ambo ya pili ya uwanja ndiko aliko Busiri. Msikiti wake ni mdogo kuliko nilivyoutazamia, na ndani yake beiti za Burudai zimeandikwa kutani kwa hati nzuri. Nilianza kuzisoma kimoyomoyo, nikajikuta nazisoma kwa sauti, kwa mahadhi ya nyumbani. Siwezi kueleza vizuri hali iliyonipata. Maneno niliyoyapokea kwa masikio, kabla sijajua hata alifu, yalikuwa mbele yangu ukutani, kwa mpangilio ule ule, na mwenyewe amelala hatua chache kutoka hapo. Nililia, na sikuona haya.

Khadimu, mtumishi wa msikiti, alinijia akaniuliza, "Ya ustaz, umetoka wapi?" Nikamwambia Mombasa, Kenya. Akataka kujua kama huko Burudai inajulikana. Nikamwambia inajulikana, na si hiyo tu. Kasida nyingine ya Busiri, Hamziya, ilitiwa kwa Kiswahili zamani sana na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, nayo ni katika tungo za kale kabisa tulizonazo katika lugha yetu, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kwa Kiswahili ambacho wengi wetu leo tunahitaji mtu wa kutueleza. Alinyamaza kidogo. Akawaita wazee wawili waliokuwa wameegemea nguzo, akawarudilia niliyosema, kisha akanitaka niwasomee kwa mahadhi yetu.

Nikasoma mlango wa kwanza. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa furaha. Mwingine akasema mahadhi yetu ni ya polepole mno, akanionyesha yao, na hapo yule wa kwanza akapinga kwamba hiyo nayo si ya Iskandaria bali imetoka vijijini. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu, mimi na khadimu tukisikiliza. Tulipofika kiitikio, *Maulaya salli wa sallim daiman abadan* tuliipokea wote wanne, na hapo tofauti hazikusikika.

Nimetembelea pia maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002 si mbali na ilipokuwa ile ya kale. Ukuta wake wa nje ni wa mawe ya Aswan yaliyochongwa herufi za maandishi ya mataifa mengi, na ukumbi wa kusomea unashuka ngazi kwa ngazi, umejaa wanafunzi. Ni jengo zuri na linatumika, jambo linalonipendeza kuliko uzuri wake. Nikiwa humo niliwaza hati za Hamziya na tungo nyingine zilizomo ndani ya masanduku ya watu Lamu, Pate na Siyu, zikiliwa na mchwa na unyevu. Zikipotea hizo, hakutakuwa na watalii wa kuzisikitikia. Hilo linaniuma kuliko maktaba ya kale ya Mabatlimusi, wafalme waliotawala hapa baada ya Aleksanda.

Mtaa wa Manshiyya nilipita haraka. Meli za Waingereza ziliupiga mji huu mizinga Julai 1882, na uwanja wa Manshiyya ukateketea. Miaka kumi na minne baadaye, Agosti 1896, meli za dola hiyo hiyo zililipiga kasri la Sultani Unguja.

Nimemwahidi khadimu rekodi ya kina mama wa mtaani kwetu wakisoma Burudai, maana sauti yangu peke yangu haitoshi kuonyesha inavyopokelewa. Nimeshamwandikia shangazi yangu. Amejibu kwamba Alhamisi watakusanyika baada ya alasiri, ila anataka kwanza kujua kama wale wazee wa Iskandaria watasikiliza mpaka mwisho au watakata katikati waanze kubishana tena.