Nimerudi Dar, nikakuta upepo umefungiwa nje

Nani aliwaloga na vioo, ndugu zangu? Nauliza kwa heshima, maana vioo ndivyo vilivyonilisha. Miaka yangu yote ya Doha nimekuwa fundi wa vioo vya maghorofa: kuning'inia nje ya jengo na mkanda kiunoni, kupachika, kupiga silikoni, kushushwa ghorofa moja, kuanza upya. Nikisema kioo kinachoma, siongei ya kusikia. Nimekishika mwezi wa saba, saa nane mchana, glavu mkononi, na nikakiachia.

Basi nimerudi zangu Magomeni, na mtaa mzima umevaa kioo cha bluu.

Wa zamani mnaijua nyumba yetu hata kama hamjawahi kuingia, kwa sababu zote zilikuwa moja. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa uani. Uani jiko, choo, kamba za nguo. Mbele baraza ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya watu. Juu ya kila dirisha, matofali ya maua, yale yenye matundu ya kupitisha hewa. Kaskazi ikivuma inaingia mlango huu na kutokea ule. Kusi ikija inageuza njia. Hakuna aliyemsomesha mwenye nyumba namna hewa inavyotembea, lakini mlango ulitazamana na mlango na ukumbi ukafanya kazi yake. Sisi watoto tulilala mkekani pale ukumbini mwezi wa kwanza, joto la Dar mnalijua, na alfajiri tukagombania shuka.

Sasa baraza haipo. Pale wazee walipochezea bao kuna fremu mbili, moja ya wakala wa pesa, nyingine ya mapazia. Matofali ya maua yamezibwa kwa saruji. Ukumbi umekatwa katikati ili ipatikane masta. Madirisha ya mbao yametolewa, yameingia ya aluminiamu ya kuteleza. Hebu nieleweni hapa, ni kazi yangu hii: dirisha la mbao la milango miwili ulilifungua lote. Hili la kuteleza, ukilifungua mpaka mwisho, umefungua nusu. Nusu nyingine kioo kinakutazama tu. Kwa hiyo shimo ni lilelile ukutani, hewa imekatwa nusu, na juu yake yale matundu yaliyokuwa yakitoa joto dari nzima yamezibwa. Halafu watu wanashangaa kwa nini siku hizi Dar kuna joto kuliko zamani.

Shangazi nilimkuta sebuleni mchana wa jua kali, pazia zito limeteremshwa, taa inawaka, feni inazungusha hewa ileile. Kiyoyozi kipo ukutani, kimenyamaza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, karibu, karibu sana. Usiguse hiyo rimoti. Uniti zimebaki nne."

Na kweli, LUKU ilikuwa inalia kule koridoni. Nilicheka, sikatai. Mtu ananunua kioo ili mwanga uingie, ananunua pazia ili mwanga usiingie, kisha ananunua umeme ili apate mwanga. Mwenye fremu ya mapazia anasema biashara si mbaya. Nilicheka tena usiku nilipoweka kiganja kwenye ukuta wa chumbani, upande wa machweo, saa nne usiku, nikaukuta bado una moto. Mara ya tatu sikucheka, kwa sababu shangazi ana presha na daktari kamwambia akae mahali penye hewa.

Dada yangu hataki kusikia. "Kaka, ulitaka tubaki na matofali ya maua kama ofisi ya kata?" Kisha akanipiga na ile ya kummaliza mtu: wapangaji wa kioo wanalipa zaidi.

Na bati! Pesa ya bati nilituma mimi. Nimekuja kuliangalia, silioni. Limefichwa. Eti siku hizi nyumba nzuri ni ya kuficha bati: unapandisha ukuta pande zote mpaka paa lisionekane, nyumba inakuwa boksi, na picha inapendeza. Paa la zamani lilitoka nje ya ukuta karibu hatua nzima, likakinga dirisha jua na likaitupa mbali mvua. Hili la kufichwa linakusanya maji ndani ya kingo zake lenyewe, kwenye mfereji mmoja. Majani ya mwembe yakiziba mfereji huo wakati wa masika, maji yanatafuta njia, na njia iliyo karibu ni dari yako ya jipsam. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ina ramani ya Afrika darini, rangi ya chai.

Jua letu halina siri. Dar ipo kama nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua limekwenda kaskazini, mwezi wa kumi na mbili limekwenda kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, mchana linasimama utosini. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga: jua lipo juu, kipande cha paa kikitokeza kidogo kazi imekwisha. Adui ni mashariki na magharibi. Asubuhi na jioni jua liko chini, linaingia moja kwa moja chini ya ukingo wowote wa paa, linapiga sakafu, sakafu inapata moto, na joto linalorudi kutoka sakafuni halipiti tena kwenye kioo. Limeingia, limekaa. Ukitaka kulizuia, lizuie kabla halijagusa kioo, kwa nje. Pazia ni la ndani, mgeni ameshavuka kizingiti.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Hawa Waarabu mnaowaiga, wenye gesi ya kuchezea na umeme wa kumwaga, wameshastuka. Pale West Bay, Doha, kuna mnara wa duara wa Mfaransa Jean Nouvel, ulikamilika 2012. Mwili wake mzima umefunikwa wavu wa nakshi za aluminiamu, zile za mashrabiya ya kale, madirisha ya Kiarabu ya wavu wa mbao, na wavu wenyewe haulingani: kaskazini unaziba asilimia 25, kusini 40, mashariki na magharibi 60. Mtu alikaa chini akalihesabu jua. Abu Dhabi mwaka huohuo yakasimama majengo pacha ya Al Bahr, yenye vivuli vinavyojifungua na kujifunga kulifuata jua linavyozunguka. Makumbusho ya Taifa ya Qatar, ya Nouvel huyohuyo, yalifunguliwa 2019. Ni masahani makubwa yaliyoingiliana kwa umbo la waridi la jangwani, na kila sahani linampa mwenzake kivuli. Na mtaa mpya wa Msheireb, katikati ya Doha, wameujenga kwa vichochoro vyembamba vya kutiliana kivuli, vya kuingiza upepo. Vichochoro! Nilivyoviona nilidhani nipo Mji Mkongwe. Wamelipa wasanifu wa dunia nzima kuwarudishia walichokuwa nacho babu zao. Sisi tulikuwa nacho bure, tumelipa kukibomoa.

Na msiniambie ya kwetu yalikuwa ya wasiosoma. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa. Tuliosindikiza mama zetu kununua dagaa pale tulipita chini ya ile miavuli ya zege bila kuinua macho. Inueni macho. Kila nguzo inatanuka juu ikawa mwavuli uliogeuzwa, mvua inakusanywa na kushuka hadi kwenye matangi chini, joto la maelfu ya watu na nyanya zao linatokea juu, pembeni pako wazi. Soko zima na hakuna kiyoyozi. Liliungua Julai 2021, limekarabatiwa, na miavuli bado ipo. Kuna vijana nimewauliza wakasema linaonekana la kizamani. Anthony Almeida, Mgoa mzaliwa wa Dar hii hii aliyesoma Bombay, tangu miaka ya 1950 alikuwa akituchorea shule na makanisa yanayopumua. Maghorofa ya Upanga ya zama zile, nendeni mkayaone kabla hayajafikiwa: zile kuta zenye vyumba vyumba vya zege mbele ya madirisha, mnazodhani ni urembo, ndizo vivuli. Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu, Mlimani, tuliubeba mfukoni kwenye noti ya jero, mia tano, hatukuuliza kwa nini ulistahili noti. Jengo la pili la uwanja wa ndege, la 1984, ni la Paul Andreu, yuleyule wa Charles de Gaulle kule Paris, na paa lake linabebwa na nguzo zinazotawanya matawi. Mimi nilitua jengo la tatu, la 2019. Safi, linang'aa, baridi. Sina zaidi.

Haya, na mimi si mchawi wa maendeleo. Daraja la Tanzanite limenipendeza, jioni watu wanatembea juu ya bahari pale. Stesheni ya SGR yenye umbo la tanzanite inavutia kamera, na treni inaondoka kwa wakati, hilo peke yake ni sanaa. Nafasi, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni, nimekaa mchana mzima, wasanii wako kwenye makontena wanachora na kuchomelea vitu ambavyo Doha vingewekewa walinzi. Oysterbay bado wanachora Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na mbao za dari na rangi ya baiskeli, vitu vya dukani kwa Mhindi, akafa 1972, na dunia nzima inamjua. Ndiyo maana nasema mkono tunao. Macho ndiyo yamehamia kwenye picha za simu.

Kuna jambo lingine nalisema kwa sauti ya chini kidogo. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20, wengi wao wafanyabiashara na wateja waliokwenda kununua mzigo kama siku zote. Tangu hapo nikipita Kariakoo na kuona uso mpya wa kioo umepachikwa kwenye jengo la zamani, nainama kwanza naangalia nguzo. Najua kioo kina uzito gani, nimekibeba. Uso wa jengo unaficha mengi. Najua maana kuficha ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mnaojiandaa kurudi, au mnaotuma pesa mkiwa hukohuko, chukueni haya kwa mtu aliyelipwa riyali kuyajifunza. Kabla fundi hajachimba msingi, muulize jua linazama wapi. Akinyoosha mkono bila kufikiri, ana akili, mpe kazi. Akiangalia simu, agana naye. Vyumba vya kulala visitazame magharibi. Huko weka stoo, choo, ngazi. Paa litokeze. Dirisha liwe la kufunguka lote, lenye mwenzake upande wa pili wa chumba, la sivyo hewa haina pa kutokea. Ukiona lazima uweke kioo cha mbele nzima ili majirani wajue ulikuwa Ulaya, kiweke kusini, chini ya kivuli. Na usitume picha ya nyumba ya Instagramu. Wataijenga, hiyo ndiyo shida.

Mimi nina kiwanja Madale. Fundi wangu wa kwanza alipoiona ramani aliniambia, "Bosi, hii ya mwaka gani?" Nikamwambia ya mwaka 1975. Wa pili ameelewa. Tatizo likawa matofali ya maua, kila mfyatuaji ananiambia hayatoki siku hizi, hajawahi kuulizwa. Mwisho nimempata mzee mmoja Vingunguti, kalibu zake za chuma amezitundika mtini kama mishikaki: moja ya ua, moja ya mwezi, moja ya samaki aliyepinda mkia. Ya samaki inavujisha saruji pembeni, amesema atanichomelea. Nimempa advansi ya ukuta wote wa magharibi, tunaanza masika yakikatika. Dada amesema atakuja kuona, lakini ndoo ya maji hashiki.