Bram Moolenaar: Vim, umeme kukatika, na vyoo vya Kibaale

Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika Vim, programu ya kuhariri maandishi, alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na miaka 62. Kama umewahi kuingia kwenye seva ya Linux ukaandika `vi` ili kurekebisha faili moja na kutoka, huenda umetumia kazi yake bila kujua jina lake.

Alianza mwaka 1988 kwenye kompyuta ya Amiga, akijenga juu ya programu ndogo iitwayo Stevie. Toleo la kwanza la umma lilitoka 1991, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 30, karibu kila badiliko lilipitia kwake. Viraka vyake, yaani mabadiliko madogo ya programu, vinasomeka vizuri hadi leo: namba, maelezo mafupi ya tatizo, maelezo mafupi ya suluhisho, basi. Wapo waliomlaumu kwa kushikilia kila kitu peke yake, na lawama hiyo haikuwa ya bure. Neovim, tawi la Vim lililoanzishwa na wengine, ilizaliwa 2014 kwa sehemu kwa sababu hiyo. Ila mtu mmoja mwenye msimamo ndiye aliyehakikisha faili la mipangilio la miaka mingi iliyopita bado linafanya kazi.

Ukitaka kuona umakini wake, tazama Vim inavyofanya umeme unapokatika. Ukifungua `barua.txt`, pembeni yake linaundwa faili lililofichwa, `.barua.txt.swp`. Mabadiliko huandikwa humo kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4. Kwa hiyo kompyuta ikizimika ghafla, kwa kawaida kinachopotea ni maneno machache ya mwisho.

Watu huharibu baada ya hapo. Ukifungua faili tena unakutana na onyo la E325, linalosema faili la `.swp` lipo, na wengi hubonyeza E (hariri hivyo hivyo) ili liondoke. Hapo unahariri nakala ya zamani, faili la `.swp` linabaki palepale, na kesho onyo linarudi. Wengine hubonyeza D (futa `.swp`), na kazi yote ambayo haikuhifadhiwa inakwenda na maji. Kwanza hakikisha faili halijafunguliwa kwenye dirisha jingine, kisha bonyeza R (okoa). Hifadhi kwa jina jipya, `:w barua-mpya.txt`, toka, halafu linganisha kwa `vimdiff barua.txt barua-mpya.txt`. Ukiridhika, ndipo ufute `.swp` kwa mkono. Kama hukumbuki ulikuwa kwenye faili gani, `vim -r` pekee itakuorodheshea yote yanayoweza kuokolewa.

Sasa Kibaale. Kuanzia katikati ya 1994 hadi katikati ya 1995, Bram aliishi Kibaale, mji mdogo wa eneo la Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akijitolea kwenye kituo cha watoto. Rakai ilikuwa imeumizwa vibaya na UKIMWI, na yatima walikuwa wengi. Kazi yake ilikuwa kusaidia kukipanua kituo, pamoja na mambo ya maji na usafi. Kituo kiliuza mabamba ya zege ya kujengea vyoo vya shimo kwa bei ya chini ya gharama, ili familia ijenge choo kinachofaa. Si kazi ya kupigia picha, lakini choo kizuri husaidia kuzuia magonjwa kama kipindupindu.

Aliporudi Uholanzi hakuacha. Vim aliigawa bure, akiomba anayeweza awachangie watoto hao. Waliochangia walipewa haki ya kupigia kura vipengele ambavyo wangependa avishughulikie. Ukiifungua Vim bila faili lolote, ujumbe kuhusu watoto wa Uganda huweza kujitokeza katikati ya skrini.

Maelezo kamili utayaona ukiandika `:help uganda` ndani ya Vim, na leseni ya Vim imo kwenye faili hilohilo. Toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024, chini ya timu inayoongozwa na Christian Brabandt, limetolewa kwa heshima yake.

Kama uko kwenye Debian au Ubuntu (aina za Linux) na ukurasa wa `:help uganda` haufunguki, yaelekea una `vim-tiny`, Vim iliyopunguzwa, ambayo huja bila kurasa za msaada. Andika `sudo apt install vim`. Kifurushi cha `vim-runtime` kitakuja nayo, kisha ujaribu tena.