Wiki ya 9: Maharage yamekubali kuiva

Yameiva! Naandika kijiko kikiwa bado mkononi. Nimechukua punje moja, nikaibana kati ya ulimi na kaakaa, ikasagika yenyewe. Mtu ambaye hajatafuna changarawe wiki tatu mfululizo hawezi kuelewa kwa nini nimesimama jikoni peke yangu nacheka.

Lengo la mradi halijabadilika: mlo kamili kila siku bila kuvuka bajeti. Jedwali ni lile lile, bei ya kila chakula nagawanya kwa gramu za protini zilizomo. (Yale makosa ya wiki ya 2 nimeyarekebisha. Nilikuwa nalinganisha maharage makavu na vyakula vibichi vilivyojaa maji. Makavu yana gramu 21 hadi 24 za protini kwa kila gramu 100, lakini yakishaiva na kunywa maji, gramu 100 zinabaki na 8 au 9 tu. Hata hivyo bado yanaongoza.)

Yanaongoza, lakini jedwali halikuwa na safu ya nishati ya kupikia. Nilinunua mfuko mkubwa kwa sababu ulikuwa rahisi, na urahisi wake nikauelewa nilipowasha jiko. Saa moja, mawili, matatu. Ya nne ilipoisha, ngozi zimechanika, mchuzi mwekundu unavutia, ndani bado mawe. Nilipoingiza gharama ya jiko, maharage yalishuka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 5. Nilikasirika kuliko inavyostahili kukasirikia maharage.

Kwanza nililaumu moto. Nikabadilisha sufuria. Nikaloweka usiku kucha, nikaloweka kwa maji ya moto, wapi! Kumbe wakosaji walikuwa watatu na wote nimewaingiza jikoni mwenyewe. Wa kwanza ni umri: maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kulainika hata uyachemshe vipi. Wa pili ni maji yangu, ambayo ni magumu, yaani yana kalsiamu nyingi. Birika lina ukoko mweupe kama chokaa. Kinachozishikilia seli za punje pamoja ni pektini, na kalsiamu ya kwenye maji huikaza zaidi. Wa tatu ni nyanya. Nilikuwa nazitia tangu mwanzo ili nipike mara moja nimalize, na asidi yake huchelewesha kulainika.

Basi nikachukua sufuria 3 ndogo, kila moja punje 50 za mfuko ule ule. A: kulowekwa kwenye maji matupu. B: maji yenye chumvi, gramu 15 kwa lita. C: chumvi ile ile, halafu robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye maji ya kuchemshia. Zote zimelala saa 12, zikamwagwa maji na kusuuzwa. Baada ya dakika 60 za kuchemka nikazibonyeza zote 150, moja moja, kwa kidole. A: ngumu 41. B: ngumu 19. C: ngumu 3.

Tatu! Nilizihesabu upya.

Kwa hiyo ile habari kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu, mimi nimeachana nayo. Kwenye maji ya kulowekea sodiamu ya kwenye chumvi inachukua nafasi ya kalsiamu na pektini inalegea. Soda nayo inavunja pektini haraka zaidi, lakini si ya kumwaga ovyo: ikizidi mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, ngozi zinateleza, na vitamini B1 inaharibika. Naiweka kwa mfuko huu mzee tu. Mfuko mpya utapata chumvi peke yake.

Nyanya sasa zinaingia mwishoni, punje zikishalainika, na hapo nimepata faida ambayo sikuipanga. Madini ya chuma ya kwenye maharage hayafyonzwi vizuri na mwili, vitamini C ndiyo inayoyasaidia, na vitamini C haipendi kuchemshwa muda mrefu. Nyanya za dakika za mwisho zinabaki nayo nyingi zaidi. Chai nimeisogeza mbali na mlo, maana inazuia chuma hicho hicho.

Najua mtaniambia ninunue sufuria ya presha. Niliazima moja. Ikiwa nzima inafika nyuzi 121 hivi na mjadala unaishia hapo, sibishi. Ila niliyoazima mpira wake umechoka, mvuke ukawa unatoka pembeni ikipiga kelele kama inadai deni, nikairudisha. Programu ya simu ya kuhesabu kalori nimeifuta. Haijui chakula kilichotoka kwenye sufuria moja kikagawanywa siku tatu. Mizani ndogo ya jikoni ndicho kifaa pekee ambacho sijawahi kukijutia.

Mpango wa wiki hii ulikuwa safu ya mboga za majani kwenye jedwali. Sijaigusa. Nilipoona C imeiva kwa saa moja, nikajiuliza: kama kinachotakiwa ni joto tu, moto wa nini saa nzima? Nikachukua katoni, nikaijaza blanketi kuukuu ili joto lisitoke, nikachemsha dakika 30 kamili na kuitumbukiza sufuria humo na kifuniko chake. Hizo dakika 30 msizipunguze, hasa kwa maharage mekundu. Yana lektini, aina ya protini inayotapisha, na moto mdogo usiofikia kuchemka unaweza kuiongezea nguvu badala ya kuiua. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inataka yalowekwe saa 5 au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke dakika 30.

Jaribio la kwanza la katoni limefeli. Sufuria ilikuwa nusu, na saa ya tatu kipimajoto kilisoma nyuzi 58. Chini ya 60 bakteria wanaanza sherehe, nikachemsha upya na kumalizia jikoni. Jana nimeijaza hadi karibu na mdomo: nyuzi 81 baada ya saa 2, 72 baada ya saa 4. Punje ngumu 6 kati ya 50 nilizochota, na jiko halikuwaka saa nne kama zamani.

Leo usiku narudia bila soda. Tatizo lililobaki ni blanketi: linanuka vitunguu, na mwenye nalo ameshaliulizia mara mbili.