Kwa nini napiga picha kuta

Wale tunaokutana Jumamosi asubuhi pale kivuko cha Kamanga, Mwanza, na kamera zetu wanajua kwamba siku hizi naondoka mapema. Wao wanabaki na Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, wanagombania mwanga wa saa kumi na mbili na nusu na kubishana nani kaacha shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, wazi muda mrefu hadi mawimbi yakapotea. Mimi muda huo nimeshapanda zangu Isamilo kutafuta ukuta. Wananitania kweli. "Dada, Mwanza ina mawe, ina ziwa, ina makorongo yamejipanga Mwaloni yanasubiri utumbo wa samaki, wewe unapiga tofali?" Jibu lake ni refu na linapitia Japani, kwa hiyo naliandika hapa ili nisilirudie kila wiki.

Mwaka 2018 nilikuwa mji wa Kobe, Japani, kwa mafunzo ya mambo ya maji. Nilikwenda na Nikon D3300 yangu ya mtumba na lenzi moja tu, 50mm f/1.8. Jioni wenzangu wa kozi wakienda madukani, mimi nashuka bandarini, Meriken Park, kuupiga ule mnara mwekundu. Huko nikajuana na mzee mmoja mstaafu mwenye tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, nzito ya chuma. Lugha hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu inayotafsiri ovyo, na tulikuwa na namba za kupangia kamera, na namba hazitaki mkalimani. Ananionyesha kioo cha kamera yake: f/8, sekunde 15, ISO 100. Namwonyesha changu, anaguna, anaisogeza tripodi yangu kushoto kidogo, ananiambia kwa mkono nipige tena.

Siku moja akanipeleka pembeni ya bustani hiyo, ambako kipande cha gati kimeachwa kama kilivyovunjwa na tetemeko la Januari 17, 1995. Lile lilipiga alfajiri, saa kumi na moja na dakika 46, likaua watu 6,434. Zege limekatika, maji yanaingia katikati, nguzo za taa zimelala upande. Nilipoanza kupiga, mkono wenyewe ukainamisha kamera ili zile nguzo zikae wima kwenye fremu. Unajua tena, jicho linapenda kunyoosha. Mzee akaushika mkono wangu akaurudisha. Akaonyesha mstari wa bahari kwa kidole: huo ndio ukae sawa. Nguzo ziache ziinamie zinakotaka.

Jumatatu, Juni 18, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi, nikiwa chumbani ghorofa ya tano nafunga mkoba, simu ikapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia. Si yangu tu, korido nzima. Wajapani wamefunga mitambo inayonasa mawimbi ya kwanza ya tetemeko, yale yanayokimbia sana lakini hayana nguvu, ili watu waonywe kabla ya yale ya pili yanayobomoa. Unapata sekunde chache. Zangu nilizitumia kuinyakua kamera mezani na kuingia chini ya meza. Kisha sakafu ikaanza kwenda na kurudi, henga za kabatini zikawa zinagongana, kifuniko cha lenzi kikadondoka na kutambaa hadi mlangoni. Humo kidole changu kiliibonyeza shata. Kwa hiyo mnaoniuliza picha za tetemeko, ninayo moja: mguu wa meza, tena umetoka na ukungu.

Nikampigia mama Sengerema. Kwake ilikuwa saa nane usiku.

"Nyumba imeanguka?"

"Hapana mama."

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Sasa mwanangu, si ungengoja kuche?"

Kobe tulitikiswa tu. Kitovu kilikuwa kaskazini mwa Osaka, kipimo 6.1 kwa hesabu za Wajapani, 5.5 kwa hesabu za Wamarekani. Treni zilisimama, lifti zikasimama, watu wakatembea kwa miguu kwa foleni bila kusukumana. Nilitoka na kamera nikijua nitakuta magofu, nikakuta majengo yamesimama wima na watu wanatazama saa zao.

Habari zenyewe zilikuja baadaye kwenye runinga ya bwenini. Waliokufa walifika 6. Mmoja ni mtoto wa kike wa miaka 9, mjini Takatsuki, alikuwa anakwenda shule. Ukuta wa bwawa la kuogelea la shule ukamwangukia, karibu mita 40 za tofali za saruji kwa mpigo. Ulikuwa umepakwa michoro ya kupendeza upande wa barabarani. Kwa juu ulifika mita 3.5, wakati sheria yao inaruhusu 2.2, na tofali zilikuwa zimepandishwa juu ya ukuta mwingine wa chini. Mzee wa miaka 80 naye aliuawa na ukuta, Osaka mjini. Nchi yenye majengo marefu yanayoyumba na kurudi mahali pake, na kinachoua ni uzio!

Usiku ule nilifikiria tetemeko la Bukoba. Septemba 10, 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri, kipimo 5.9. Hapa Mwanza tulilisikia ng'ambo ya ziwa, vyombo vikagongana kabatini, tukatoka nje, tukacheka kwa woga, tukarudi ndani. Kule walikufa watu 17, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Picha za siku zile nilizitazama upya na kitu nilichokiona safari hii ni jinsi kuta zilivyolala. Ukuta mzima umelala kifudifudi, tofali zimeachana safi, udongo wa katikati umemwagika. Ukuta wa tofali unabeba mzigo wa juu bila shida. Ukisukumwa ubavuni ndipo unapoanguka, kama hauna nondo wala nguzo wala mkanda wa zege wa kuushika.

Sasa tazama jiji letu. Mabatini, Igogo, Isamilo: nyumba imekaa juu ya jabali, chini yake kuna uzio, chini ya uzio kuna njia ya watoto wa shule. Tofali zimepandishwa mwaka hadi mwaka kadiri hela inavyopatikana. Huhitaji tetemeko, mvua ya masika inatosha kuusukuma udongo nyuma yake.

Kuta hizo ndizo ninazopiga. Kwa wanaotaka kujaribu: lenzi pana inakunja mistari, iacheni, 50mm inasema ukweli. Mstari wa ziwa ukae sawa kwanza. Nenda saa moja asubuhi, jua likiwa linauparaza ukuta kwa upande, maana saa sita hauonyeshi kitu. Mwanga wa ubavuni unatoa tumbo la ukuta, unatoa nyufa zinazopanda ngazi kufuata maungio ya tofali, hata plasta ikiwa mpya.

Majuzi nimempelekea mama mmoja wa Isamilo picha ya uzio wake, nimeisafisha kwa saizi kubwa, tumbo linaonekana wazi. Akaitazama sana.

"Mwanangu, huu alijenga marehemu mume wangu."

"Naona mama. Umejengwa vizuri, ila umeanza kusukumwa na udongo wa juu. Fundi aje auangalie."

Akasema atamwambia kijana wake akirudi kutoka Geita. Kisha akaniuliza kwa nini nimepiga ukuta bila mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya, akaenda kusimama pale pale penye tumbo na kuweka mkono kiunoni.

Nikamwomba asogee upande wa geti. Akakataa, huko kuna ndoo. Nikaenda kuiondoa ndoo.