Mapigo ya njiti wangu

Mwanangu alizaliwa wiki ya 30, hapa Kigoma mjini, kilo 1 na gramu 300. Siku za mwanzo macho yangu yalikuwa kwenye mashine tu: 152, 151, 152, 152. Nikamwambia nesi, "Dada, afadhali moyo wake umetulia."

Akaketi kando yangu. "Mama, moyo uliokomaa haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika kidogo kidogo: akivuta pumzi unakwenda mbio, akitoa unapunguza. Neva ya kutoka kwenye ubongo inayoupunguzia moyo mwendo, kwa njiti bado changa. Wiki zikiongezeka, nayo inakomaa."

(Hii ni tofauti na kule kushuka chini ya 100 akisahau kupumua. Hilo nililijua, nilishamsugua nyayo usiku mara nyingi nikitetemeka.)

Basi nikambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga mbili juu yetu, mchana na usiku. Leo katimiza wiki 37. Nimekaa naye muda mrefu kwenye ile mashine: 138, 144, 141, 149, 136. Nimelia, jamani. Bibi yake kanipigia kutoka Ujiji, nimeshindwa kumweleza, nimemsomea namba tu.