Kigandamiza karatasi cha Tukuyu na densiti iliyokataa kutulia

Hatimaye densiti ya kigandamizo cha Tukuyu, yaani kile kipande cha kioo cha kukandamizia karatasi mezani, imetulia kwenye gramu 3.0 kwa kila sentimita ya ujazo, na sasa ninaweza kuandika bila kusita kwamba ni kristali yenye risasi (kioo kizito kilichochanganywa na madini ya risasi), wala si kioo cha kawaida cha soda na chokaa. Wanaofuatilia mkusanyiko wangu hapa Mbeya watakikumbuka: ni kile kidogo, chenye kipenyo cha sentimita sita, ambacho vijiti vyake vya kioo cha rangi, vilivyopangwa ndani yake, vimebanana hadi ukingoni, na ambacho kila nilipokipima kilinipa jibu lisilo la huku wala la kule.

Nilikipata kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani katika shamba la chai wilayani Rungwe. Aliniambia, “Hiki, mwanangu, kilikuwa kinashikilia risiti za majani mabichi, maana dirisha la ofisi halikuwa na kioo,” kisha akakipangusa kwa kiganja kabla ya kunikabidhi. Zaidi ya hapo hakujua kilikotoka; alikikuta mezani siku alipoanza kazi.

Ukikitazama kwa lenzi ya mkononi unaona nyota nyeupe ndani ya mirija ya waridi, na katikati yake kijiti kimoja cha kijani chenye alama za mishale. Mishale na nyota ni vitu ambavyo Baccarat, kiwanda cha kioo cha Ufaransa, walivipenda katika miaka ile ya 1845 hadi 1860, wakati wao pamoja na viwanda vingine vya Ufaransa, Saint-Louis na Clichy, walipokuwa wakishindana kutengeneza vigandamizo vya vijiti vingi, baada ya fundi wa kioo Pietro Bigaglia wa Venice kuonyesha vyake mjini Vienna mwaka 1845. Hata hivyo, mishale peke yake si hati ya kuzaliwa. Baccarat waliweka herufi B na mwaka katika baadhi ya kazi zao za 1846 hadi 1849, lakini changu hakina herufi wala mwaka, na katika miaka ya 1930 mafundi wa China walinakili miundo hiyohiyo ya Kifaransa. Nakala hizo mara nyingi ni nyepesi na zina umanjano fulani. Umanjano nao ni shahidi dhaifu kwa kitu kilichokaa miaka mingi katika ofisi yenye moshi wa kuni. Ndiyo maana niling’ang’ania densiti: kioo cha soda huwa karibu na 2.5, ilhali kristali yenye risasi ya kutosha huanzia karibu 2.9 na kupanda.

Njia ninayotumia ni ile ya jagi. Jagi la plastiki angavu lenye maji huwekwa juu ya mizani ya jikoni, mizani hurudishwa kwenye sifuri, kisha kigandamizo huteremshwa kwa uzi wa nailoni hadi kizame chote bila kugusa kuta wala kitako cha jagi. Gramu zinazoongezeka ndizo sentimita za ujazo. Kwa vigandamizo vingine nilivyonavyo njia hii haijawahi kunisumbua, na nimeitumia hata kwa kile kikubwa cha kijani chenye viputo, cha Kiingereza. Hiki cha Tukuyu kilikuwa na gramu 241 hewani na kilisukuma maji gramu 88. Hiyo ni 2.74, namba ambayo ni nzito mno kwa soda na nyepesi mno kwa kristali ninayoitarajia.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kila kitu isipokuwa chenyewe. Nilibadilisha uzi, nikaweka mwembamba zaidi. Nilichemsha maji na kuyaacha yapoe ili hewa iliyoyeyuka itoke. Nilifikiria hata baridi ya Julai, kwa kuwa maji ya bomba la Mbeya asubuhi hukata vidole, lakini tofauti ya uzito kati ya maji baridi na maji vuguvugu haifiki hata nusu ya asilimia moja, kwa hiyo haiwezi kueleza kosa la gramu kadhaa. Mizani yenyewe ilisema kweli kila nilipoipa vitu vingine. Ilikuwa inaudhi sana, kwa sababu kosa lililo thabiti linafanana kabisa na ukweli.

Jibu lilikuwa chini yake. Kitako kilikuwa kimebandikwa kitambaa kizito cha kijani, cha aina ile ya meza ya pool, kwa gundi ya kahawia iliyokauka na kuwa ngumu. Nilikuwa nimekiheshimu kama sehemu ya historia yake. Nilipobonyeza katikati kwa kidole gumba nilihisi kitambaa kikibonyea: nyuma yake palikuwa na shimo. Maana yake ni kwamba nilikuwa nazamisha kigandamizo pamoja na chumba kidogo cha hewa kilichozibwa.

Kukitoa kitambaa hicho kulihitaji subira kuliko nguvu. Kioo kinene kilicholala usiku mzima katika baridi yetu hakipaswi kukutana ghafla na maji ya moto, hivyo nilianza na maji ya kawaida na kuongeza ya vuguvugu kidogo kidogo hadi gundi ikalainika, kisha nikaivuta kwa ukucha na kipande cha kadi ya simu. Chini yake kilijitokeza kitako kilichochongwa kwa ndani, kina chake milimita tano hivi, chenye mkwaruzo mwembamba wa duara ukingoni. Nilipokizamisha tena nilikiinamisha kwanza ubavu ili kiputo kisinase humo. Gramu 240 hewani, na gramu 80 za maji yaliyosukumwa. Sikuamini, nikarudia, ikarudi ileile.

Nitoe maoni kidogo kuhusu vifaa. Mizani inayojizima yenyewe katikati ya kazi ni adui wa mkusanyaji, kwa sababu ikijizima jagi likiwa juu yake, sifuri yako imekwenda. Taa ya kukagulia noti bandia, ambayo wengi hupendekeza, nimeiona inafaa kwa kioo chenye urani, ambacho hung’aa kijani bila ubishi. Katika swali la risasi haijanisaidia kitu.

Kristali haimaanishi Ufaransa ya zamani moja kwa moja. Baccarat na Saint-Louis walirudia kutengeneza vigandamizo katika miaka ya 1950, na Perthshire Paperweights wa Crieff, Uskoti, walioanza mwaka 1968, walifanya kazi nzuri ya vijiti pia. Lakini China ya 1930 nimeiondoa kwenye orodha, na mkwaruzo wa kitako, usio na mistari sambamba kama ya msasa, unanielekeza kwenye matumizi ya kweli ya mezani.

Rafu ya mninga yenye taa niliyoahidi mwezi uliopita itasubiri, kwa kuwa kwanza nataka kukipima tena kwa mizani makini zaidi. Wanunuzi wa dhahabu wa Chunya wana mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lakini ile niliyoahidiwa kuazimwa haibebi zaidi ya gramu 200, na jagi peke yake linapita hapo. Kwa hiyo ninatengeneza fremu ya waya itakayokaa juu ya mizani na kuning’iniza kigandamizo katika maji yaliyo kwenye chombo kilichosimama pembeni, ili mizani isibebe maji kabisa, na kigandamizo kikiwa kimezama kisisome zaidi ya gramu 160. Waya nimeshakata.